Maswali Yenu: Saa za Kijeshi za Kupigia Mbizi

Mwezi huu tumewapa nafasi wapenzi wa saa za zamani. Barua tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumezijibu kwa pamoja.

Ndugu Mhariri, tunabishana kazini. Mmoja anashikilia kwamba saa ya kwanza ya kijeshi ya kupigia mbizi ni Panerai ya Italia, mwingine anasema ni Blancpain ya Uswisi. Nani amepatia?

Wote wawili wana hoja, ila wanazungumzia mambo tofauti. Iliyotangulia kwenda vitani chini ya maji ni ya Waitaliano. Iliyoweka umbo ambalo saa za kupigia mbizi zinalo hadi leo ilizaliwa Uswisi mwaka 1953, kwa masharti ya wanajeshi wa Ufaransa.

Panerai ya Florence ilikuwa ikiliuzia Jeshi la Wanamaji la Italia vifaa vya kupimia na kulengea shabaha. Rangi yake ya kung'aa gizani, iliyochanganywa na radiamu, madini yenye mionzi, ndiyo iliyoipa saa jina la Radiomir. Sampuli za kwanza zilitolewa mwaka 1936. Kasha lilitengenezwa na Rolex, upana wake milimita 47, na mashine ya ndani ilikuwa ya ukubwa wa saa ya mfukoni, iliyotokana na kazi ya Cortébert. Ukubwa huo haukuwa wa maringo. Mvaaji alikaa juu ya torpido ya watu wawili iendayo polepole, usiku, ndani ya maji machafu ya bandari, saa imefungwa juu ya mkono wa suti ya mpira. Usiku wa kuamkia 19 Desemba 1941, wapiga mbizi sita wa Italia waliingia bandari ya Alexandria kwa torpido tatu za aina hiyo na kuziharibu manowari za Uingereza, Valiant na Queen Elizabeth. Katika shughuli kama hiyo mtu anahesabu mambo mawili kwa pamoja: oksijeni iliyobaki, na muda uliobaki kabla baruti haijalipuka.

Pamoja na sifa zote hizo, Radiomir ilikuwa na upungufu mkubwa: haina pete ya nje ya kuzunguka, ya kuhesabia dakika. Ulipaswa kukumbuka kichwani ulizama dakika ya ngapi. Tena ilitiwa ufunguo kwa mkono, hivyo kitufe chake cha pembeni kilifunguliwa na kufungwa mara kwa mara, uzi wake wa skrubu ukalika na gasketi ikachakaa, maji yakapata njia. Baadaye Panerai walijibu kwa njia mbili: wakaweka mashine ya Angelus inayokwenda siku 8 bila kutiwa ufunguo, na wakabuni lile daraja la chuma lenye wenzo linalokandamiza kitufe. Wamarekani, wakati wa vita hivyohivyo, walitatua tatizo hilo kwa njia ya kifundi zaidi. Saa za Hamilton na Elgin za wapiga mbizi wao zilikuwa na kitufe cha kawaida kilichofunikwa na kofia ya chuma ya kukaza, imefungwa kwa mnyororo mdogo isipotee.

Sasa tuje kwa Wafaransa. Robert Maloubier na Claude Riffaud, waliopewa kazi ya kuunda kikosi cha wapiga mbizi wa vita, walizijaribu saa zilizokuwepo sokoni na hakuna iliyowaridhisha. Waliandika sifa wanazozitaka: uso mweusi, alama kubwa zinazosomeka gizani, na pete ya nje inayozunguka yenye alama zinazolingana na za uso wa saa. Kampuni ya Lip ya Ufaransa haikuona biashara ndani ya wazo hilo. Jean-Jacques Fiechter, aliyekuwa akiiongoza Blancpain na mwenyewe akipenda kupiga mbizi, tayari alikuwa akishughulikia saa ya namna hiyo. Ndipo ikatoka Fifty Fathoms, yaani pima 50, kama mita 91. Kitufe chake kilikuwa na gasketi mbili, hata kikivutwa chini ya maji kwa bahati mbaya gasketi ya pili ibaki kazini. Mashine ilijijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, kwa hiyo kitufe kiliguswa mara chache. Pete haikuzunguka mpaka uikandamize kwanza.

Rolex nao walianza Submariner mwaka huohuo wa 1953. Kwa hiyo mwambie rafiki wa Blancpain asitambe sana.

Kwa nini pete za saa mpya zinazunguka upande mmoja tu, na za zamani nyingi zinazunguka kotekote?

Kwa usalama. Unapozama unaiweka pembetatu ya pete mkabala na akrabu ya dakika. Baadaye unasoma akrabu imefika wapi kwenye pete, ndiyo dakika ulizokaa chini. Pete ikigongwa ikasogea kinyume cha mwendo wa akrabu, saa itaonyesha umekaa muda mrefu kuliko ukweli, utapanda mapema, hakuna madhara. Ikisogea kufuata mwendo wa akrabu itaonyesha muda mfupi, na hewa itakuishia ukidhani bado unayo. Ndiyo maana saa za sasa zinaruhusu upande ule wa kwanza peke yake. Nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilishikiliwa na msuguano tu. Ukikuta modeli ya miaka hiyo inayojulikana kuwa na pete ya msuguano lakini hii inatoa mlio wa tik-tik na kugoma upande mmoja, kuna aliyeibadilisha.

Nimeoneshwa Rolex Submariner ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Muuzaji ana maelezo marefu kuhusu babu yake aliyekuwa mpiga mbizi. Nikague nini kabla sijatoa fedha?

Maelezo ya babu yaweke pembeni, chukua lenzi ya kukuza mara 10. Saa hizi ni za miaka ya 1970, namba za modeli 5513 na 5517, nyingine zimeandikwa namba zote mbili. Zilizotolewa zinakadiriwa kuwa kama 1,200 hivi kwa muongo mzima, na zinazotangazwa kuuzwa ni nyingi mno kwa idadi hiyo.

Anza na pini za mkanda. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitaka pini zisizochomoka, kwa sababu pini ya springi ikikatika saa inazama na hairudi. Kwa hiyo kwenye saa ya kweli kipande cha chuma kimeunganishwa moja kwa moja na pembe za kasha. Waghushi huchukua Submariner ya kiraia na kulehemu pini. Tazama maungio: mpaka wa rangi tofauti ya chuma, vishimo vidogo vya kulehemu, au sehemu iliyopigwa msasa ikang'aa kuliko jirani zake. Kasha likiwa limechakaa kote halafu ndani ya pembe pakawa papya, hapo pana jambo. Kumbuka pia kinyume chake: saa halisi zilizouzwa mnadani baada ya utumishi, nyingine pini zake zilikatwa na mwenye nayo ili avae mkanda wa chuma. Hiyo si bandia, ila imepoteza sehemu ya thamani.

Pili, uso wa saa na akrabu. Uso unatakiwa uwe na herufi T ndani ya duara dogo, alama ya tritiamu, aina nyingine ya mionzi ya kung'arisha rangi. Akrabu ni pana zenye umbo la upanga, tofauti na zile za kiraia ambazo akrabu ya saa ina duara lililogawanywa mara tatu. Pete ina vistari vya dakika zote 60. Ya kiraia ina vistari vya dakika 15 za kwanza tu. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba saa halali kabisa inaweza kukosa vyote hivi. Ilipopelekwa kiwandani kutengenezwa miaka ya baadaye ilirudi na uso na akrabu za kawaida, kwa sababu hivyo ndivyo vipuri vilivyokuwepo. Waghushi wanalijua hilo na hulitumia kama kisingizio.

Tatu, kifuniko cha nyuma. Nje panachongwa mshale mpana wa serikali ya Uingereza, namba ya ghala, kisha namba ya saa na mwaka, kwa mfano 123/76. Namba ya ghala ya Wanamaji huanza na 0552, ya Jeshi la Nchi Kavu huanza na W10. Kwenye namba ndefu za W10 utaona 6645, ambalo ni fungu la vifaa vya kupimia muda katika mfumo wa NATO, na 99 ambayo ni Uingereza. Namba ikianza na 0552 huku muuzaji akisema babu alikuwa askari wa vifaru, mwombe atafute babu mwingine.

Sasa kipimo tunachokiamini kuliko vyote. Inamisha kifuniko chini ya taa ya pembeni ufuate mkwaruzo mmoja wa zamani hadi unapokutana na herufi. Kama herufi zilichongwa kwanza, mkwaruzo utavuka ukingo wa herufi na kuuvunja kidogo, wakati mwingine utaonekana hata ndani ya mfereji. Kama herufi zimechongwa juzi juu ya kifuniko cha zamani, mkwaruzo unakatika ghafla ukingoni, na ukingo wenyewe ni mkali kiasi cha kushika ukucha. Fanya hivyo kwa mikwaruzo mitano au sita, sehemu tofauti. Mtu anaweza kununua mashine ya kuchonga, lakini kupanga mikwaruzo ya miaka 50 juu ya herufi zake ni kazi ngumu sana.

Ukaguzi huohuo unafaa kwa Omega Seamaster 300 ya namba 165.024, iliyotolewa kwa Waingereza kabla ya Rolex hizi, na ambayo kwa maoni yetu ndiyo inayoghushiwa zaidi, kwa kuwa kasha, uso na pete vya kuiga vinapatikana kirahisi. Unafaa pia kwa Tudor za Jeshi la Wanamaji la Ufaransa, ambazo nyuma zimechongwa M.N. na tarakimu mbili za mwaka.

Saa yangu ya mwaka 1958 haing'ai tena. Je, ina maana sumu imekwisha?

Hapana! Kosa hili ni la hatari. Rangi ya zamani ina vitu viwili: radiamu inayotoa nguvu, na unga wa zinki salfaidi unaoigeuza nguvu hiyo kuwa mwanga. Kilichokufa ni unga, umechomwa na mionzi yenyewe. Radiamu inahitaji miaka 1,600 ipungue nusu, hivyo iliyomo saani mwako ni karibu yote iliyotiwa mwaka 1958.

Saa ikiwa imefungwa na kioo ni kizima, kuivaa mara mojamoja hakuna hofu kubwa. Hatari ni vumbi na gesi. Rangi ikikauka humeguka, na chembe zikiingia mapafuni au tumboni hukaa. Kwa hiyo usifungue kifuniko nyumbani, usipulize uso wa saa kwa mdomo, usikwangue chochote. Radiamu hutoa pia gesi ya radoni, basi usiweke mkusanyiko wa saa kama hizo kwenye droo ya chumba cha kulala. Weka mahali penye hewa inayopita. Fundi aambiwe kabla hajafungua, afanye kazi kwa glovu na kitambaa chenye unyevu, na asirudishie rangi mpya juu ya ile ya zamani.

Tritiamu ni mtoto mpole. Mionzi yake haipenyi hata kioo cha plastiki, na hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Uso ulioandikwa T, au Swiss T<25 kwa maana ya tritiamu isiyozidi milikiuri 25 (kipimo cha mionzi), kwa kawaida ni wa miaka ya 1960 hadi 1990. Rangi za sasa hazina mionzi kabisa, na zilianza kuenea katika miaka ya 1990.

Hapo pana kipimo rahisi. Ingia gizani, mulika uso kwa tochi ya miale ya urujuanimno sekunde 10, kisha zima. Rangi ya radiamu au tritiamu ya zamani hufifia papo hapo au ndani ya muda mfupi. Ikiendelea kuwaka kwa dakika nyingi, rangi hiyo ni mpya, hata kama imepakwa hudhurungi ionekane mzee.

Je, naweza kuzama na saa ya kijeshi ya miaka ya 1960 ikiwa fundi amebadilisha gasketi?

Tunashauri usizame nayo. Gasketi mpya huziba palipo laini tu. Kile kijia ambamo gasketi inakaa, kwenye kasha la miaka 60, mara nyingi kimeliwa na chumvi na kina vishimo. Mpira haujazi kishimo, na maji hupita chini yake. Kimrija ambamo kitufe hupita nacho kimelika. Kioo cha akriliki kina nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka ukiinamishe kwenye mwanga.

Ukitaka tu uhakika wa kunawa mikono, fuata utaratibu huu. Fundi atoe mashine, asafishe kasha, akague kijia kwa lenzi. Aweke oringi, yaani gasketi za duara, za mpira wa naitraili zenye unene sahihi, aupime kwa kalipa na si kwa macho, kwani oringi nene kupita kiasi inabinywa, inatoka nje ya kijia na kuvujisha kuliko ile kuukuu. Mafuta ya silikoni yawe filamu nyembamba tu. Kasha tupu lijaribiwe kwa mashine ya hewa kavu: kwanza kwa kunyonya hewa, kisha kwa shinikizo la bari 3. Usikubali jaribio la kuzamisha majini saa yenye mashine ndani, maana likifeli ndilo linaloiua.

Nyumbani kuna jaribio la mvuke. Pasha saa taratibu hadi nyuzi joto 40, weka tone la maji baridi juu ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukitokea upande wa ndani, kuna unyevu umeshaingia. Na ikiingia maji ya bahari, usiianike juani. Chumvi ikikauka ndani, vyuma vinaanza kutu siku hiyohiyo. Mpelekee fundi haraka iwezekanavyo ikiwa bado mbichi.

Nimeona picha ya saa yenye duara dogo la rangi mbili juu ya namba 6. Ni la nini, na kwa nini ni adimu?

Hicho ni kionyesha unyevu. Maji yakiingia, sehemu ya duara hubadilika rangi kutoka buluu hafifu kuelekea wekundu, mpiga mbizi akajua saa yake haitegemewi. Blancpain walikibuni kwa ajili ya masharti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani.

Maarufu zaidi ni Tornek-Rayville TR-900 ya miaka ya 1960. Sheria ya Marekani iliitaka serikali inunue vitu vya nyumbani, na Blancpain ni ya Uswisi. Mwagizaji wake, Allen Tornek, akaunganisha jina lake na Rayville, jina la kampuni iliyomiliki Blancpain, na saa zikapita. Zilitolewa kama 1,000. Rangi yake ya kung'aa ilikuwa ya promethiamu, na nyuma paliandikwa onyo la mionzi. Kwa sababu hiyo nyingi ziliharibiwa kwa amri baada ya utumishi, jambo la kusikitisha ukizingatia kwamba promethiamu hupungua nusu kila miaka 2 na nusu hivi, yaani leo hata sauti yake haisikiki.

Kuanzia 1972 nafasi hiyo ilichukuliwa na Benrus, aina ya I na ya II, chini ya masharti MIL-W-50717. Aina ya I ina vitone na pembetatu usoni, ya II ina namba hadi 24. Tahadhari moja kwa mafundi: kasha la Benrus ni kipande kimoja, halina kifuniko cha nyuma. Mashine hutolewa kupitia mbele baada ya kuondoa kioo. Tumeona nyingi zenye majeraha ya bisibisi mgongoni.

Kitufe cha Vostok Amphibia yangu kinacheza kikifunguliwa. Kimevunjika?

Hakijavunjika. Amphibia, saa ya Kisovieti, ilitoka mwaka 1967, na Warusi waliiunda hivyo makusudi. Kitufe kikilegezwa hujitenga na ufito wake, ili pigo la pembeni lisipinde ufito. Unapotaka kuitia ufunguo, kivute kidogo sana kwa ncha za vidole huku ukizungusha, na utahisi kinashika. Wasiojua hukisukuma kwa nguvu na kulisaga gurudumu la ndani.

Tukiwa hapo, tazama pia nyuma. Kifuniko ni bamba lenye meno mawili yanayoingia kwenye kasha, halafu pete yenye uzi hulikandamiza. Kwa hiyo gasketi hubanwa wima bila kusokotwa. Kioo kinene cha akriliki nacho hubonyea kadiri maji yanavyosukuma, kikazidi kukaza. Badala ya kupigana na shinikizo, wanalitumia, nasi tunaiona kuwa kazi ya akili kuliko nyingi za bei kubwa.

Seiko ya Vita vya Vietnam ni saa ya jeshi?

Kwa maana ya kutolewa ghalani, hapana. Seiko 6105 ilinunuliwa na askari wa Marekani kwa fedha zao kwenye maduka ya jeshi. Hivyo 6105-8110 yenye chapa ya jeshi nyuma itilie shaka. Tarehe yake unaisoma kwenye namba ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, ambapo 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, kisha O, N na D. Ikianza 2O basi ni Oktoba 1972. Linganisha tarehe hiyo na maneno: za mwanzo huandikwa *proof* baada ya neno *water*, yaani maji, za baadaye *resist*, na uso na kifuniko vinatakiwa vikubaliane na umri wa saa. Kitufe chake, mkabala na namba 4, hakina uzi. Kinajifunga kwa kuzungushwa kidogo tu.

Mkanda gani unafaa saa yenye pini zisizochomoka?

Wa nailoni unaopita chini ya kasha, kipande kimoja. Waingereza waliuandikia masharti mwaka 1973, wa kijivu, upana milimita 20. Wafaransa walipewa Tudor bila mkanda, na wengi walijikatia elastiki ya miavuli ya kurukia. Pima nafasi kati ya pembe kabla ya kununua. Mkanda wa milimita 22 ukisukumwa kwenye nafasi ya 20 hujikunja kingo, unashika mchanga, na mchanga huo husaga chuma cha pini kutoka ndani.